Ndugu yangu yuko rumande kwa mwezi wa saba sasa: je, gereza kubwa zaidi lingesaidia?

"Shikamoo mzee. Mdogo wangu ana miaka 22, alikuwa akiendesha bodaboda hapa Malindi. Mwezi wa saba sasa yuko rumande kwa kesi ya wizi wa simu na betri ya pikipiki. Hakimu alimpa dhamana ya shilingi 50,000 au bondi ya mdhamini mmoja, na sisi hatuna pesa wala hati ya shamba. Nikienda kumwona aniambia wamejaa hadi wanalala ubavu, mmoja akitaka kugeuka hugeuka wote. Siku hizi anakohoa. Jirani yangu asema dawa ni serikali ijenge gereza kubwa zaidi, mwengine asema kumejaa kwa sababu wezi wamezidi mtaani, na wa tatu anishauri nimwambie akubali kosa atoke. Nani asema kweli, na mimi nifanye nini?"

Marahaba, mwanangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, kwa sababu ndani yake mna maswali matatu yaliyofungwa kitita kimoja: kwa nini kumejaa, je, jengo kubwa lingepunguza msongamano huo, na wewe ufanye nini kwa ajili ya nduguyo. Nilifanya kazi ya probesheni hapa Pwani kwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya kustaafu, na mabenchi ya korti nimeyakalia sana nikingoja faili liitwe, kwa hivyo nitakujibu kwa niliyoyaona na kwa jinsi sheria inavyosema. Majirani zako wawili wa kwanza kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Huyo wa tatu ana ushauri unaoweza kumdhuru nduguyo, nami nitamrudia.

Kwanza tuliweke sawa neno moja. Nduguyo si mfungwa, ni mahabusu. Mfungwa amekwisha kuhukumiwa. Mahabusu anangoja kesi yake, na Katiba ya 2010 inamhesabu kuwa hana hatia mpaka hatia hiyo ithibitishwe. Mtaani tofauti hii hatuitilii maanani. Mtu akishapandishwa gari la magereza twasema "amefungwa", na mwenye pikipiki aliyokuwa akiiendesha humpa kijana mwingine siku ya pili. Lakini tofauti hiyo ndiyo inayofungua swali lako la kwanza. Magereza ya Kenya kwa jumla yana nafasi ya watu takriban 30,000, na kwa miaka mingi yamekuwa yakibeba zaidi ya 50,000. Katika hao, zaidi ya thuluthi moja ni mahabusu. Wanaobanana usiku kwenye sakafu ile, basi, ni pamoja na maelfu ya watu ambao hakuna hakimu aliyewahi kusema wametenda kosa.

Sasa huyo anayesema wezi wamezidi. Huenda wamezidi, mimi sibishani naye, lakini hata wasingezidi rumande ingeweza kujaa. Chukua hesabu ya mfano tu. Tuseme kila wiki vijana kumi wanaingia rumande, na kila mmoja hukaa wiki nne. Ukienda siku yoyote utakuta vijana 40. Sasa wizi usiongezeke hata kidogo, waendelee kuingia kumi kwa wiki, ila kila mmoja akae wiki thelathini kama alivyokaa nduguyo. Utakuta 300. Mtaani hapakuongezeka mwizi hata mmoja. Kilichoongezeka ni siku za kukaa. Kwa hiyo anayetaka kujua kwa nini gereza limejaa asiulize tu nani anaingia, aulize pia kinachomchelewesha mtu kutoka.

Sababu ya kwanza ya kuchelewa umeitaja mwenyewe katika swali lako, ukaipita kama jambo la kawaida: hamna hati ya shamba. Kifungu cha 49 cha Katiba kinampa mtu aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa bondi au dhamana, kwa masharti yanayofaa, isipokuwa kama kuna sababu nzito za kumzuilia, na sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, kifungu cha 123, inasema kiasi cha dhamana kisipite kiasi. Hakimu aliyetaja shilingi 50,000 pengine aliona ni kiasi cha wastani. Kwa mama anayeuza mahamri na mbaazi asubuhi, hizo ni pesa asizoweza kuziona zimekaa mahali pamoja. Hubaki mdhamini, naye huulizwa hati miliki au kitabu cha gari.

Na hati miliki hapa Pwani ni habari ndefu. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi iliyowataka watu wa mwambao wa maili kumi wajitokeze kudai ardhi zao kwa msajili; ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Wengi wa Wamijikenda hawakudai, maana shamba la ukoo halikuwa kitu cha kuandikishiwa jina la mtu mmoja, na wajukuu wao wakaja kuitwa maskwota juu ya ardhi walikozikwa babu zao. Ndiyo maana mtu wa Ganda au Kakuyuni anaweza kuwa na minazi arobaini na makaburi ya vizazi vitatu, na asiwe na karatasi hata moja ya kumtolea mwanawe rumande. Watu wanapozungumza juu ya msongamano wa magereza huwasikii wakitaja ardhi. Mimi ningeitaja kabla ya matofali.

Nami niliwahi kulichangia tatizo hilo. Miaka mingi iliyopita korti iliniagiza ripoti ya kijana mmoja aliyeshtakiwa kwa wizi mdogo, ili hakimu aamue kama anafaa kupewa dhamana nafuu. Nilifika nyumba aliyoitaja nikaambiwa hakai pale. Hulala ufuoni ndani ya dau la mjomba wake, chini ya tanga, ili asiibiwe nyavu. Nikaandika: "hana makazi maalumu". Maneno hayo matatu yakamweka ndani miezi tisa, kisha kesi ikatupwa kwa kuwa mashahidi hawakuja. Alipotoka nilikwenda kumtafuta, nikamuuliza mvuvi wa kwanza niliyemkuta. Alininyooshea kidole bila kuinua macho kwenye wavu aliokuwa akishona: lile dau la tatu, lenye kiraka cha bluu. Makazi yake yalikuwa maalumu kuliko ya wengi tuliopanga vyumba mjini, ila hayakuwa na namba ya nyumba, na fomu yangu haikuwa na nafasi ya kuandika kiraka cha bluu.

Sababu ya pili ni kuahirishwa kwa kesi. Askari aliyefanya uchunguzi amehamishwa, faili la polisi halikuletwa, mlalamikaji hakupata nauli, hakimu yuko likizo. Kila neno katika hayo ni mwezi mmoja au miwili zaidi kwenye sakafu. Huko Lamu mambo ni mazito zaidi. Shahidi wa Kizingitini au Kiunga lazima apande boti kuja Amu, yaani mji wa Lamu, na wakati wa upepo wa kusi bahari haimsikilizi mtu mwenye samansi. Gereza lenyewe liko Hindi, bara, kwa hiyo ndugu wa mahabusu naye avuke hadi Mokowe kisha atafute gari. Asiyetembelewa hana wa kumletea sabuni, na hana wa kumwambia kwamba anaweza kuomba apunguziwe dhamana.

Sababu ya tatu hukuiandika, na sidhani kwamba inamhusu nduguyo, lakini siwezi kusema juu ya rumande za Malindi na Lamu nikaiacha. Ni unga, yaani heroini. Kijana aliyezama humo huiba ili asipate arosto, yale maumivu ya kuukosa: viatu vya msikitini, mabomba ya maji, nazi, simu iliyoachwa dirishani. Hukamatwa, akatapika na kuharisha siku kadhaa ndani ya chumba kilichojaa watu, kisha mwili hutulia na familia ikashukuru kwamba "jela imemponya". Haikumponya. Miezi aliyokaa bila unga imeuondolea mwili uzoefu wake, ilhali hamu imebaki palepale, na akitoka akatumia kipimo chake cha zamani kinaweza kumuua; wiki mbili za kwanza baada ya kutoka ndizo za hatari kubwa kuliko zote. Asipokufa, hurudi kuiba, akarudi ndani. Mtu mmoja wa namna hii akiingia mara tatu kwa mwaka anahesabika kama wezi watatu, na jirani yako ana haki ya kuona kwamba wezi wamezidi. Malindi kuna kliniki ya methadoni, dawa ya kutuliza hamu ya unga, hospitalini, na kila aliyetulizwa pale ni nafasi moja tupu rumande. Ikiwa nduguyo alikuwa akinywa dawa hiyo kabla ya kukamatwa, mjulishe mganga wa gereza leo hii, kwa sababu dawa ile hutolewa kila siku na haifai kukatizwa ghafla.

Kuna mzunguko mwingine unaoniumiza zaidi, maana sisi wenyewe mtaani ndio tunaousukuma. Kesi hukawia, watu wakakata tamaa na korti. Mshukiwa akitoka kwa dhamana, jambo ambalo ni haki yake na halimaanishi kesi imekwisha, majirani husema askari wamekula hongo. Safari nyingine mwizi akishikwa hafikishwi kituoni. Hupigwa, mara nyingine akachomwa. Hakimu naye, akisikia kwamba kijana akiachiliwa atauawa, humnyima dhamana kwa usalama wake mwenyewe, rumande ikazidi kujaa, na kesi zikazidi kukawia. Usinielewe vibaya, wapo ambao hata mimi nisingependekeza watoke. Mtu anayetuhumiwa kumnajisi mtoto anayelala naye nyumba moja, au aliyetisha kumkata mkewe panga, akiachiliwa arudi kulekule huyo mtoto au mke ndiye atakayelipa. Lakini rumande haikujazwa na hao. Ukaguzi wa mfumo wa haki za jinai uliotolewa na Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki mwanzoni mwa 2017 ulionyesha kwamba wengi wanaokamatwa ni maskini, na makosa yao ni madogo: ulevi, uchuuzi bila leseni, kuleta fujo. Katiba imekwisha kusema kwamba kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, mtu asiwekwe rumande kwa ajili yake. Na bado huwekwa.

Je, gereza kubwa? Ukienda Amu utaiona Ngome pale mbele ya uwanja wa Mkunguni. Ilimalizwa kujengwa 1821, na tangu 1910 hadi 1984 ilikuwa gereza, kuta zake za mawe ya matumbawe zikizuia upepo wote wa bahari. Sasa ni makumbusho. Wafungwa walipata jengo jingine, na majengo mengine yamejengwa kwingineko nchini, wala msongamano haukuondoka. Aprili 2020, korona ilipoingia, mahakama zilipitia upya vifungo vya wenye makosa madogo na waliobakiza muda mfupi, zikawaachilia zaidi ya watu 4,000, na magereza yakapumua bila kuwekwa tofali. Simpingi jirani yako moja kwa moja, kwa sababu vyoo, madirisha ya kupitisha hewa na vyumba vya kuwatenga mahabusu na wafungwa ni vitu vinavyohitaji ujenzi, na mtu halali ubavu kwa kuwa sheria ni nzuri. Lakini mkijengewa gereza la mara mbili, na watu wakaendelea kukaa wiki thelathini, baada ya muda mtakuwa na watu mara mbili wanaolala ubavu.

Sasa nije kwa yule anayemtaka nduguyo akubali kosa. Wizi wa kawaida, kwa kifungu cha 275 cha Kanuni ya Adhabu, hukumu yake ni hadi miaka mitatu. Akikiri bila mpango, hakimu anaweza kumfunga, au kumtoza faini, na faini isiyolipwa hugeuka kifungo: ile ya kati ya shilingi 15,000 na 50,000 yaweza kuwa miezi sita. Atakuwa amehamishwa tu kutoka upande wa mahabusu kwenda upande wa wafungwa. Tena hukumu itabaki kwenye rekodi yake, na siku atakapotakiwa cheti cha tabia njema kwa kazi ya hoteli, ya ulinzi au ya Uarabuni, itamrudia. Kama hakuiba, asikubali.

Kama aliiba, na hilo ni lake yeye na wakili wake, zipo njia za kisheria za kukiri kwa faida. Anaweza kufanya makubaliano na upande wa mashtaka kabla ya kukiri mbele ya hakimu. Anaweza kuomba kifungo cha nje, au utumishi kwa jamii chini ya sheria ya 1998, ambayo inahusu hasa makosa ya uzito kama huu: atafagia zahanati au kupanda miti ya shule huku analala kwao. Na miezi aliyokwisha kukaa ndani lazima ihesabiwe kwenye adhabu; hakimu akisahau, akumbushwe kifungu cha 333 cha ile sheria ya mwenendo wa kesi za jinai. Mlalamikaji naye akiridhika, anaweza kuiomba korti aondoe malalamiko, ila uamuzi ni wa hakimu. Kumwomba radhi mlalamikaji mbele ya wazee si kosa. Kumfuata usiku na bahasha ni kosa, na kunaweza kumkosesha nduguyo dhamana kabisa.

Ya kufanya wiki hii ni haya. Nenda kwa chifu au mzee wa mtaa wenu upate barua inayosema nduguyo anaishi wapi, na nani, tangu lini. Elezeni mahali kwa alama zinazojulikana, hata kama ni mwembe na duka, msiseme tu "Maweni" au "Barani". Ichukue barua hiyo pamoja na nakala ya kitambulisho chako hadi ofisi ya probesheni, uwaambie kwamba unataka korti iombwe kuagiza ripoti ya dhamana. Siku kesi itakapotajwa, nduguyo ainue mkono na amwambie hakimu kwa Kiswahili chake cha kila siku kwamba ameshindwa na masharti kwa miezi saba na anaomba yapunguzwe, au aachiliwe kwa bondi yake mwenyewe bila pesa. Haihitaji Kiingereza wala barua ya kisheria. Nawe uwe umeketi mle ndani, usimame hakimu akiuliza kama kuna ndugu. Akikataliwa, Mahakama Kuu ya Malindi ina uwezo wa kupunguza kiasi hicho, lakini hapo sasa tafuta wakili uso kwa uso, au ofisi ya msaada wa kisheria iliyowekwa kwa sheria ya 2016, kwa sababu maandishi ya ombi lile yana taratibu zake na mimi siwezi kuyaona mafaili kutoka hapa nilipo. Wale wanaosimama chini ya mti nje ya korti wakisema wanamjua karani, waachie salamu upite.

Kikohozi kisingoje korti. Kifua kikuu huenea kwa hewa, na chumba kilichojaa, chenye dirisha moja dogo, watu wakipumuliana toka jioni hadi alfajiri, ndicho kinachokipenda. Akikohoa wiki mbili au zaidi, au akitoa jasho usiku na kukonda, aombe mganga wa gereza ampime makohozi. Dawa ni za bure, humezwa kwa muda wa miezi sita, na ni hatari kuziacha katikati. Akiachiliwa kabla ya kuzimaliza, ondoka na karatasi yake ya matibabu uipeleke hospitali siku hiyohiyo. Wewe na watoto mnaomtembelea mkianza kukohoa, nanyi mkapimwe. Akitema damu, au wakikataa kumpeleka kwa mganga, mwone mkuu wa gereza, na usiposikilizwa andikia Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Hilo ni jambo la kwenda mwenyewe, si la kuuliza kwa barua.

Mwisho, ikiwa dhamana itapunguzwa na mkachanga pesa, zilipwe kwa njia rasmi ya korti, mpewe stakabadhi. Pesa zile si faini, hurudishwa kesi ikiisha maadamu amehudhuria kila siku aliyoitwa. Hurudishwa kwa yule aliyeandikwa kwenye stakabadhi, kwa hivyo liandikwe jina lako, na karatasi yenyewe uiweke pamoja na vyeti vya watoto vya kuzaliwa, mahali ambapo panya na mvua havifiki.